Nakala ya Hukumu ni Haki ya Mwananchi, si Hisani ya Karani

(Maelezo ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa wilayani)



Katika kila wilaya ya nchi hii yapo majengo mawili ambayo mwananchi wa kijijini huyakaribia huku moyo ukimdunda. La kwanza ni kituo cha polisi, na la pili ni mahakama. Huingia humo akiwa na shida yake, na mara nyingi hutoka akiwa na shida ile ile pamoja na maneno mawili aliyopewa ya kuondokea: "Njoo kesho." Mtu anayeambiwa hivyo amekwisha kulipa nauli, ameacha shamba katikati ya palizi, na pengine amelala kwa ndugu wa mbali ili awahi foleni ya asubuhi. Akirudi hiyo kesho huambiwa kwamba hakimu yuko safarini, au jalada halionekani, au hukumu haijapigwa chapa.

Anachokitafuta si kitu kikubwa. Anataka karatasi. Anataka nakala ya hukumu iliyosomwa mbele yake, au mwenendo wa shauri lake mwenyewe, au namba ya taarifa aliyoitoa polisi alipoibiwa ng'ombe. Lakini juu ya karatasi hiyo huning'inia shamba la familia, malezi ya watoto, kiinua mgongo cha marehemu na hata uhuru wa mtu aliye gerezani. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni dhahiri kwamba haki nayo hupotea kwa njia hiyo hiyo.

Mazungumzo haya yanakusudia kueleza jinsi kumbukumbu za mahakama na za polisi zinavyoombwa wilayani, na kwa nini ni wajibu wa watu waliosoma, hasa walimu na watumishi wa umma, kuhakikisha kwamba njia hiyo inajulikana na kila mtu.

CHIMBUKO LA HOFU

Hofu ya mwananchi mbele ya meza ya serikali haikuzuka yenyewe. Wakati wa utawala wa Mwingereza, Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziweka mahakama za machifu chini ya uangalizi wa watawala. Aliyeshindwa barazani kwa chifu hakukata rufani katika Mahakama Kuu kama alivyofanya Mzungu au Mhindi. Alikwenda kwa Bwana Shauri, yaani Mkuu wa Wilaya, kisha kwa Mkuu wa Jimbo, na hatimaye kwa Gavana. Bwana yule yule aliyesimamia kodi na amri za kazi ndiye aliyesikiliza manung'uniko juu ya hukumu. Katika mpango wa namna hiyo, mtu hakudai karatasi, aliomba huruma.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, jambo hili lilikuwa miongoni mwa yale yaliyopaswa kufutwa mapema. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliondoa mahakama zilizobagua watu kwa rangi, ikaweka ngazi moja kwa wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Mwaka 1979 ikaundwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Sheria ya mwaka 1963 ilifuatiwa na nyingine ya mwaka 1984, ambayo ndiyo inayoongoza Mahakama za Mwanzo na za Wilaya hadi leo.

Mwaka huo huo wa 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 13 inatamka kwamba mtu ambaye haki na wajibu wake vinaamuliwa na mahakama anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu, na anayo haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Mabadiliko ya mwaka 2000 yakaongeza Ibara ya 107A, inayozitaka mahakama zitende haki kwa wote bila ya kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, na zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Tena, tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lugha ambayo Mahakama za Mwanzo zilikwisha kuitumia kwa miaka mingi.

Kwa hiyo basi, ngazi ipo, na Katiba imempa kila raia ruhusa ya kuipanda. Lakini haki ya kukata rufani bila nakala ya hukumu ni sawa na ngazi isiyo na vipago. Mtu hawezi kueleza hakimu wa juu wapi hakimu wa chini amekosea ikiwa hajui hakimu huyo wa chini aliandika nini. Ni ajabu kwamba hukumu husomwa hadharani, mbele ya wadaawa na majirani zao, kisha siku ya pili yake, ikiwa ndani ya jalada, inageuka kuwa kitu cha kubembelezewa.

KARATASI NI ZIPI?

Kosa la kwanza linalowapotezea wananchi muda ni kuomba "karatasi za kesi" bila kutaja ni zipi. Hapana budi mwombaji ajue tofauti zake.

Hukumu ni andiko la hakimu linaloeleza madai, ushahidi, hoja zilizobishaniwa, uamuzi na sababu za uamuzi huo. Katika mashauri ya madai hutolewa pia tuzo, ambayo ni muhtasari wa kile mahakama ilichoamuru: nani amlipe nani, kiasi gani, au nani aondoke katika kiwanja. Mwenendo wa shauri ni kumbukumbu ya yote yaliyosemwa na kutendwa tangu siku ya kwanza: mashahidi, maswali waliyoulizwa, vielelezo vilivyopokelewa na maombi yaliyokataliwa. Hati ya mashtaka ni karatasi inayotaja kosa ambalo mtu anashtakiwa na sheria aliyoivunja.

Anayetaka kujua alishindwa kwa sababu gani huomba hukumu. Anayelalamika kwamba shahidi wake alikataliwa bila sababu huomba mwenendo. Anayetaka kutekeleza ushindi wake wa madai atahitaji tuzo. Na anayekwenda benki au kwa mwajiri wa marehemu kufuatilia mirathi atatakiwa kuonyesha hati ya mahakama iliyomteua kuwa msimamizi. Fotokopi tupu haitoshi kwa shughuli hizo; nakala iwe imethibitishwa kwa sahihi na mhuri wa mahakama.

SAA MBILI ZISIZOKWENDA SAWA

Hapa ndipo penye mtego mkubwa, na ndipo wananchi wengi wanapoumia bila ya kosa lao.

Chukulia mjane ambaye shemeji yake ameteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi ya mumewe, naye mjane anaona kwamba hakusikilizwa. Anaomba nakala ya hukumu siku ile ile. Anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Anarudi, anaambiwa asubiri wiki nyingine. Siku ya 40 anaipata nakala, anaikumbatia na kwenda nayo Mahakama ya Wilaya, na huko anaelezwa kwamba muda wa rufani umekwisha. Aliamini kwamba siku zake zingeanza kuhesabiwa alipoipokea karatasi. Kumbe sivyo.

Sheria ya mwaka 1984 inasema kwamba rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo iwasilishwe katika Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi. Tena, mkata rufani wa ngazi hiyo halazimiki kuambatanisha nakala ya hukumu. Anachotakiwa kupeleka ni maombi ya rufani yanayotaja sababu zake, na Mahakama ya Wilaya yenyewe ndiyo huliita jalada kutoka Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo mjane huyo angeweza kuandika sababu zake kwa kadiri alivyosikia hukumu ikisomwa, akaiwasilisha rufani yake mapema, huku akiendelea kuifuatilia nakala. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na katika Mahakama ya Mwanzo ngoja ngoja huua rufani. Asiyeridhika na uamuzi wa rufani wa Mahakama ya Wilaya, naye hupewa siku 30 kwenda Mahakama Kuu, na maombi yake huyapeleka katika Mahakama ya Wilaya ile ile iliyoamua.

Saa ya pili inakwenda kwa namna nyingine. Mtu aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya, katika kesi ya jinai iliyoanzia hapo, huongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985. Huyu anatakiwa kutoa notisi ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10, kisha kuwasilisha sababu za rufani ndani ya siku 45. Katika kuzihesabu siku hizo 45, muda uliohitajika kupata nakala ya mwenendo na hukumu hautiwi katika hesabu. Aliyefungwa huzikabidhi karatasi zake kwa Mkuu wa Gereza, naye ndiye mwenye wajibu wa kuzifikisha mahakamani. Lakini notisi ya siku 10 haingoji nakala yoyote. Jamaa wa mfungwa ambao hutumia wiki mbili za kwanza kutafuta fedha za wakili, bila kumwambia ndugu yao atoe notisi, humfungia mlango wa kwanza kwa mikono yao wenyewe.

Katika madai yaliyoanzia Mahakama ya Wilaya, rufani ya kwenda Mahakama Kuu ina siku 90, na lazima iambatane na nakala ya tuzo. Uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, katika shauri lililoanzia hapo, una siku 45. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inaruhusu kutoa katika hesabu muda uliotumika kuipata nakala ya tuzo au ya amri inayokatiwa rufani.

Somo linalotokana na yote hayo ni fupi. Kabla ya kuuliza "nitapata nakala lini?", mwananchi aulize "siku zangu ni ngapi, na zimeanza kuhesabiwa lini?" Jibu aliandike na tarehe yake.

BARUA YENYE MHURI

Ombi la mdomo halina ushahidi. Karani aliyeliahidi anaweza kuhamishwa, hakimu anaweza kustaafu, na mwananchi akabaki na maneno matupu. Ndiyo maana ombi lolote la kumbukumbu liwe la maandishi, hata kama ofisi haikudai hivyo.

Barua hiyo haihitaji Kiswahili cha madaha. Iandikwe kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama iliyosikiliza shauri. Itaje jina la mahakama. Namba ya shauri na mwaka wake. Kama ni la madai, la jinai au la mirathi. Majina ya pande zote mbili kama yalivyoandikwa kwenye jalada. Na tarehe ambayo hukumu ilisomwa. Kisha itaje karatasi zinazoombwa, moja baada ya nyingine, na ieleze kwamba zinahitajika kwa ajili ya rufani, ikiwa ndivyo ilivyo. Mwisho pawe na jina, kijiji, namba ya simu, sahihi au alama ya dole gumba, na tarehe.

Jambo la maana kupita yote ni hili: barua iwe nakala mbili. Moja ibaki masjala, na ya pili irudi mikononi mwa mwombaji ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karatasi hiyo ya pili ndiyo ngao yake. Ikitokea kwamba muda umepita, Mahakama ya Wilaya inao uwezo wa kuongeza muda ikiridhika na sababu zilizotolewa. Lakini mahakama hairidhiki kwa machozi. Huridhika kwa ushahidi. Barua yenye mhuri wa siku ya tatu baada ya hukumu inasema mengi kuliko kiapo kirefu cha mtu asiye na karatasi.

Thamani ya barua hiyo inaonekana hadi ngazi ya juu kabisa. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinampa nafuu ya muda mtu anayekata rufani ya madai ikiwa aliomba nakala za mwenendo kwa barua ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi, na nakala ya barua hiyo akampelekea mpinzani wake. Asiyeandika barua, au aliyeandika asimpelekee mwenzake, hana cha kushika.

Kama kuna ada, mwombaji aoneshwe ni ya nini, apewe namba ya malipo ya serikali, alipe, na apate stakabadhi. Fedha inayotolewa bila stakabadhi si ada. Jina lake linajulikana, na tangu enzi za TANU kila mwanachama aliahidi kutoitoa wala kuipokea.

Na nakala ikitoka, isomwe pale pale dirishani kabla ya mtu kuondoka. Majina yawe sahihi, namba ya shauri iwe yenyewe, kurasa zote ziwepo, sahihi na mhuri vionekane, na tarehe ya tuzo iwe ile ile ya hukumu. Kosa dogo la tarehe limewahi kuzitupa nje rufani zenye hoja nzito. Ni rahisi kulisahihisha kosa siku ile kuliko miezi sita baadaye mbele ya majaji.

KATIKA KITUO CHA POLISI

Kumbukumbu za polisi zina tabia nyingine, kwa sababu nyingi ni za uchunguzi ambao bado unaendelea. Hata hivyo zipo ambazo mwananchi anastahili kuondoka nazo mkononi.

Ya kwanza ni namba ya taarifa, ambayo watu wameizoea kwa jina la RB. Kila anayeripoti wizi, shambulio au upotevu wa mali ahakikishe kwamba taarifa yake imeandikwa katika daftari la kituo, na aondoke na namba hiyo, tarehe, jina la kituo na jina la askari aliyeipokea. Bila namba hiyo, kesho yake atakuwa mgeni.

Ya pili ni fomu ya PF3 kwa aliyejeruhiwa. Fomu hii humpeleka majeruhi kwa daktari, na daktari hujaza humo aina ya majeraha, ili iwe ushahidi mahakamani. Haiuzwi. Mwenye nayo aitunze isilowe wala isipotee, na airudishe kwa mpelelezi baada ya kubaki na fotokopi.

Ya tatu ni stakabadhi ya mali iliyokamatwa. Sheria ya mwaka 1985 inamtaka askari aliyepekua nyumba na kuchukua kitu atoe stakabadhi inayotaja kitu hicho, ikiwa na sahihi za mwenye mali na za mashahidi. Ng'ombe, pikipiki au fedha ikichukuliwa bila karatasi, ubishi hauna mwisho.

Ya nne inamhusu mshtakiwa. Watu wengi hawajui kwamba, kesi ikifika katika Mahakama ya Wilaya, sheria hiyo hiyo inamtaka hakimu ahakikishe kwamba mshtakiwa anapewa nakala ya maelezo ya aliyemlalamikia, ikiwa mlalamikaji huyo ametajwa kuwa shahidi. Mshtakiwa asiye na wakili aombe maelezo hayo waziwazi siku kesi inapotajwa, na ombi lake liandikwe katika mwenendo. Mtu hawezi kujitetea dhidi ya maneno asiyoyajua.

Kwa mambo mengine, kama vile ripoti ya ajali kwa ajili ya madai ya bima, au hatima ya upelelezi uliokaa kimya kwa miezi mingi, barua ipelekwe kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na kanuni ya nakala mbili ni ile ile. Itaje namba ya RB, tarehe ya tukio, na uhusiano wa mwombaji na jambo hilo.

SIRI HALALI NA SIRI YA UONGO

Haitakuwa haki kudai kwamba kila kilichomo katika makabati ya polisi na mahakama kitolewe kwa kila anayepita njiani. Ziko siri ambazo zinamlinda mwananchi mwenyewe. Jina la mtoa habari likifichuka, mtu huyo anaweza kuuawa. Kesi za watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, husikilizwa faragha ili kosa la utotoni lisimfuate mtu hadi uzeeni. Aliyebakwa hastahili kubakwa mara ya pili na midomo ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imeweka mipaka juu ya kukusanya na kutoa habari za mtu.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imejaribu kuweka mizani hiyo. Inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma, na inaitaka taasisi imjibu ndani ya siku 30. Lakini imezitoa taarifa ambazo zingeharibu uchunguzi halali, zingehatarisha maisha ya mtu au zingezuia mkondo wa haki. Anayekataliwa anatakiwa kuelezwa sababu, naye anaweza kuomba uamuzi huo upitiwe upya na mkuu wa taasisi.

Siri ya halali, basi, ina alama mbili: ina sababu katika sheria, na anayeitoa sababu hiyo haoni haya kuiandika na kuitia sahihi. Siri ya uongo hukimbia karatasi. Husema "haiwezekani" bila ya kusema kwa nini, au "jalada limepotea" bila ya kuonyesha daftari la majalada, au "mkubwa hayupo" mwezi mzima. Mtumishi anayetumia siri ya namna hiyo haitunzi serikali. Anatunza kijiduka chake.

WAJIBU WA WALIOSOMA

Ni lazima kusema pia upande wa pili wa meza. Mahakimu wa Mahakama za Mwanzo wamekuwa wakiandika ushahidi kwa mkono, shauri baada ya shauri, na wengine wakihudumia zaidi ya mahakama moja. Makarani ni wachache na majalada ni mengi. Mahakama imekwisha kuanza kusajili mashauri kwa mitambo ya kompyuta, na hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani zinasomeka bure kwa njia ya intaneti katika maktaba ya TanzLII. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mjane wa kijijini asiye na umeme haukaribii mtambo huo peke yake, na shauri lake la Mahakama ya Mwanzo halimo katika maktaba hiyo. Kwake yeye, Mahakama ni yule karani wa dirishani, na Serikali ni ule mhuri.

Uchache wa watumishi unaeleza kuchelewa, lakini hauelezi majibu ya dharau. Karani asiyeweza kutoa nakala leo anaweza kutaja tarehe ya kweli, akaiandika, na kumwambia mwananchi kwamba siku zake 30 zinakwenda. Maneno hayo hayagharimu shilingi hata moja, na yanaweza kuokoa shamba. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wanaojifanya mabwana juu ya watu. Kemeo hilo halikuishia kwa viongozi wenye magari. Linamgusa kila mwenye ufunguo wa kabati.

Mwalimu naye anayo nafasi ya pekee. Katika vijiji vingi yeye ndiye mwandishi wa barua za watu. Akiletewa shida ya mahakama, asikimbilie kuandika malalamiko marefu kwa viongozi wa juu, maana malalamiko hayasimamishi siku. Aanze kwa kuuliza tarehe ya hukumu, ahesabu siku zilizobaki, aandike barua ya kuomba nakala, na pale siku zinapokaribia kwisha amhimize mhusika kupeleka rufani yake bila kungoja. Na afundishe mambo hayo darasani, ili mtoto wa darasa la saba aweze kumsomea baba yake samansi na kuitambua tarehe iliyomo. Elimu ya kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikusudia elimu itakayoitumikia jamii inayomzunguka mwanafunzi. Hakuna utumishi ulio karibu zaidi kuliko huu.

Mtendaji wa kata au wa kijiji anaweza kubandika ubao mmoja wenye mambo manne: anwani ya mahakama, siku za rufani, mfano wa barua, na mahali wanapopatikana wasaidizi wa kisheria. Wasaidizi hao wametambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu, lakini wanaweza kumwelekeza na kumsaidia kutayarisha karatasi zake.

PA KULALAMIKIA

Ombi likikaa bila jibu, mwananchi apande ngazi kwa utaratibu. Kwa mambo ya Mahakama ya Mwanzo, aandike kwa Hakimu Mkazi Mfawidhi wa Wilaya. Kwa polisi, aanzie kwa Mkuu wa Kituo, kisha Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kisha Kamanda wa Mkoa. Kila barua iambatane na nakala ya ile ya kwanza yenye mhuri. Akidaiwa rushwa, aende TAKUKURU. Na panapokuwa na uonevu wa ofisi ya umma, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo mwaka 2001 ilichukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Tume hiyo ya kwanza ilianza kazi mwaka 1966 ili raia wa kawaida apate pa kumshtakia mkubwa anayetumia vibaya madaraka yake.

Hata hivyo, tume na makamanda ni dawa ya ugonjwa uliokwisha kuingia. Kinga yake iko dirishani, asubuhi, kati ya mtu mwenye shida na mtu mwenye kalamu. Nchi hii iliondoa mahakama za ubaguzi ili kila raia asimame sawa na mwenzake mbele ya sheria. Usawa huo hupimwa kwa jambo dogo: kama mwanamke asiye na jamaa ofisini, asiye na wakili wala noti mfukoni, anaweza kuomba nakala ya hukumu yake siku ya Jumatatu, akapewa barua yake yenye mhuri siku hiyo hiyo, na akaelezwa kwa ukweli ni lini arudi. Kila mtumishi aliyekabidhiwa mhuri ajiulize kama katika ofisi yake jambo hilo linawezekana. Kama haliwezekani, kazi ya kulirekebisha inamngoja yeye.